Nililipaka Piko Jiwe la Baba Mkwe

Kosa ni langu mie peke yangu, wasomaji wenzangu, na wala simsingizii shetani. Shetani mchana ule naona alikuwa amelala kama watu wengine wote pale shamba. Aliyekuwa macho ni mie, na koni yangu ya piko mkononi.

Jina langu siandiki. Mawifi zangu wanasoma kila kitu, na hivi sasa wana la kunichekea la kuwatosha. Jueni tu kwamba ni mtu mzima, nna watoto wangu, nakaa Bawshar, kazini kwangu ni Al Khuwair, na watu wetu wametoka Unguja. Na jueni kwamba mie mchoraji.

Hapo sijisifu! Kwetu haolewi mtu bila ya kupita mikononi mwangu. Nachora hina nyekundu, nachora na piko, ile rangi nyeusi ya nywele tunayowapamba nayo maharusi mikono na miguu. Nna ua langu ambalo hakuna mwingine anayelichora, na nukta zake katikati. Watu wakiliona mkononi mwa bi harusi husema papo hapo, "Aa, huyu kachorwa na fulani."

Sasa nikwambieni habari za jiwe.

Baba mkwe wangu anakaa nasi hapa Bawshar tangu mkewe alipofariki. Mzee wa watu mpole, chai hainywi mpaka aimimine kwenye kisahani. Ana shamba la mitende na ndimu huko milimani. Ukishayapita maghala ya Rusayl unaiacha barabara kubwa, unapanda. Katikati ya shamba limesimama jiwe refu kunishinda mie, na upande mmoja limechongwa: mtu juu ya farasi, ngamia, mbuzi wa mlimani mwenye pembe ndefu, na duara moja ambalo hakuna anayejua maana yake. Waliochonga ni watu wa kale, wa zama ambazo hata majina yao hayakubaki. Waliolima baada yao wamepanda mitende kulizunguka, hata mfereji wa maji wameupindisha, lakini jiwe hawakuling'oa.

Kwa Baba lile si jiwe tu. Alizaliwa Unguja, na bibi yake alikuwa akimwambia, "Kwetu Omani tuna shamba, na shambani mna jiwe lenye mpanda farasi, na maji yanapita miguuni pake." Alipokuja huku kijana, hana mali, Kiarabu kinamkwama kooni, hakuwa na kitu ila maneno hayo. Akauliza kijiji hadi kijiji mpaka akawapata ami zake wazee. Wakamtambua, wakampa fungu la babu yake. Lilikuwa pori, miba mitupu, watu walikuwa hawaingii. Akafyeka mwenyewe, na ndani akalikuta jiwe.

Lakini kutambuliwa ni jambo moja, kuwa mwenzao ni jambo jingine. Mpaka hii leo kijijini wanamwita Zinjibari, yaani mtu wa Unguja.

Yuko binamu yake, Ami Zahran, mtu wa utani mkali. Wimbo wake ni mmoja toka zamani. "Zinjibari alikuja na hadithi ya jiwe, akakuta jiwe hakuna, akatafuta fundi akamchongea!" Na wale wazee waliolijua jiwe kabla ya miba wote wameshatangulia mbele ya haki, nani wa kumjibu? Watu kwenye sabla, yaani ule ukumbi wa wanaume wa kijiji, hucheka. Baba naye hucheka pamoja nao. Akirudi nyumbani chai haimshuki.

Basi mume wangu akampata Daktari mmoja wa mambo ya kale, bibi wa Kiomani, mdogo kwangu kwa umri, ofisi yake si mbali na kazini kwangu. Akaomba picha kwanza. Tukampelekea za simu. Jua kali, michoro imechakaa, hakionekani kitu. Daktari akajibu kwa adabu kwamba haoni mchongo wowote, lakini Jumamosi atapita njia hiyo, ataingia alitazame kwa macho yake.

Mngemuona Baba! Alitengeneza ndevu. Alinunua dishdasha mpya, ile kanzu ya Kiomani. Akawaalika watu wa kijiji chote waje wasikie neno la Daktari kwa masikio yao, na wa kwanza kumwalika ni Ami Zahran.

Ijumaa tukaenda kupasafisha. Tukafagia, tukakata makuti makavu, tukala wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Na wali wa nazi mchana wa joto mnaujua wenyewe kazi yake. Mmoja baada ya mmoja wakaanguka kwenye mkeka. Nikabaki mie na vyombo, na jiwe liko mbele yangu.

Nikalitazama. Wallahi niliingiwa na huruma! Nikaona kesho Daktari anakuja anaona jiwe tupu, Ami Zahran anacheka mpaka kilemba kinamvuka, na mzee wangu amesimama pale na dishdasha yake mpya. Na ndani ya mkoba wangu mna koni ya piko, nimetoka kumchora mpwa wangu juzi yake.

Nikajiambia, nipitishe mstari mwembamba tu, ndani ya mchongo, niyasaidie macho ya Daktari.

Mstari mwembamba! Mwanamke mchoraji akikwambia maneno hayo, usimwamini.

Nikaanza na farasi. Akatoka mashallah, utasema anataka kukimbia. Nikaenda kwa ngamia, nikaenda kwa mbuzi. Nikafika kwa mpanda farasi mwenyewe, maskini, uso wote umeliwa na miaka. Nikamtia macho. Macho bila nyusi yakawa kama ya samaki, nikamtia na nyusi. Na mie nyusi nazijua za maharusi tu! Zikatoka hizo hizo, zimepinda, zimekolea.

Na pale juu, baina yake na lile duara, palikuwa peupe. Sisi wachoraji hatuwezi kuona pahala peupe. Bi harusi akitoka na pahala peupe mkononi, anayesemwa si yeye, ni aliyemchora. Basi mkono ukaenda wenyewe. Nilipozindukana ua langu limeshakaa juu ya jiwe, majani yake yote, nukta zake zote, na kijitawi kimeteremka mpaka kwenye mkia wa farasi.

Astaghfirullah! Nikakimbilia maji, nikasugua na kitambaa. Piko iingie kwenye jiwe kavu kama lile, halafu itoke kwa kitambaa? Ilizidi kukolea.

Mara Baba huyo, kaamka, ana shuka jeupe mkononi. Anataka tulifunike jiwe, ili kesho Daktari alifunue mwenyewe mbele ya watu. Nikamkimbilia njiani. "Baba, wewe kanywe chai, nipe mie nitalifunika." Akanishukuru! Akaniombea dua! Nikalifunika mbio mbio huku nikijidanganya kwamba mpaka kesho piko itakuwa imepauka.

Jumamosi shamba likajaa watu. Mie nimesimama nyuma na sinia la halua na finjani za kahawa. Daktari akasalimia, akashika ncha ya shuka, akavuta.

Watu wakanyoosha shingo.

Daktari akasogea. Akapitisha kidole, akakinusa. "Hii ni rangi ya nywele," akasema kwa sauti ndogo.

"Rangi ya nywele!" Ami Zahran huyo. "Jamaa, hebu mtazameni mpanda farasi, katinda nyusi! Zinjibari kaliozesha jiwe lake, na karamu hakutualika!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mitende. Baba hakucheka. Alikuwa analitazama lile ua, kalitazama kwa muda, halafu akainamisha kichwa.

"Nani kapaka, mzee?" akauliza Daktari.

"Mimi," akasema Baba. "Nilitaka michoro ionekane vizuri."

Jamani! Baba hajawahi hata kushika koni ya piko maishani mwake.

Daktari akashusha pumzi. "Mzee wangu, kama hiki umekiongeza, mimi nitajuaje kwamba na vingine hukuviongeza?" Akashukuru kwa makaribisho, akanywa finjani moja ya heshima, akaingia garini akaenda zake.

Na mie? Mie nilimimina kahawa. Nilizunguka na halua, nikamkaribisha huyu, nikamkaribisha yule. Huo ndio ushujaa wangu siku ile. Ulimi ulikuwepo, Kiarabu ninacho, Kiswahili ninacho, na nilinyamaza. Niliona haya kwa mume wangu, niliwaogopa mawifi, na nilijipa moyo kwamba yatapita.

Hayakupita. Wiki haikwisha mpanda farasi wangu keshakuwa stika ya WhatsApp. Zile nyusi zikatembea Maskati nzima! Mtu akichelewa kazini anapelekewa mpanda farasi, mtu akipendeza anapelekewa mpanda farasi. Mwanangu mwenyewe aliniletea mie, ati nicheke. Na chini yake watu wameandika, "Jiwe la kale la Zinjibari."

Ijumaa iliyofuata Baba akasema mguu unamuuma, hendi shamba. Ijumaa ya pili, mguu huo huo. Akakaa sebuleni anatazama mpira, na mpira wenyewe haujui, anauliza yupi ni yupi. Mtu aliyeuliza njia kijiji hadi kijiji ili afike pale, sasa hataki kwenda kwa ajili ya nyusi zangu!

Nikamchukulia chai, nikammiminia kwenye kisahani, nikakaa chini. "Baba, nna jambo langu."

"La ua?" akasema.

Nilimwaga chai yote kwenye zulia.

"Kumbe ulijua?"

"Mwanangu, ua lile ulimchora mama yenu Idd yake ya mwisho. Alikuwa akilala mkono kaunyoosha juu ya mto, hataki lichafuke. Nililitazama mpaka likafutika lote. Leo nisilijue?"

Nililia, jamani. Nililia kilio cha mtoto. Nikamuuliza kwa nini basi akasema ni yeye.

"Mimi pale nishazoea kuchekwa," akasema. "Wewe umeolewa kwetu. Nikuache uchekwe na watu, tena ndani ya shamba langu?"

Akakifuta kisahani. "Lakini nyusi, mwanangu. Nyusi zilikuwa za nini?"

Nikajikuta nacheka huku machozi yananitoka, na yeye akacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

Kesho yake nikaomba ruhusa kazini nikaenda kwa Daktari. Nikamweleza kila kitu. Akanisikiliza, akatikisa kichwa. "Dada yangu, wakwe wema wapo wengi. Unamfichia mzee."

Haya! Nimekuja kukiri na siaminiwi! Basi nikatoa koni kwenye mkoba, nikakunjua kiganja changu cha kushoto, nikalichora ua pale pale juu ya meza yake, na kijitawi chake. Akafungua picha kwenye simu akaiweka ubavuni pa mkono wangu. Akatazama huku, akatazama huku. Halafu akaangua kicheko mpaka mwenzake wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini.

"Na nyusi pia ni zako?"

"Na nyusi ni zangu."

Akajifuta macho. Akasema atarudi kulitazama jiwe, maana alichokiona chini ya piko yangu kimekuwa kikimkosesha raha siku zote hizo. Lakini akaongeza neno. "Mzee hakuchekwa ofisini kwangu. Alichekwa mbele ya watu wake. Ukitaka kusema, kasemee kule."

Ijumaa ikafika. Baba tukamtoa kwa nguvu, na huo mguu wake. Asubuhi yote Daktari alikaa na jiwe, ana taa ndogo na kioo cha kukuzia, hazungumzi na mtu. Baada ya sala watu wakakaa kwenye sabla. Wanawake kule hatuingii, na mie nilisimama mlangoni pamoja na Daktari, nimejifunika baibui langu.

Kiarabu changu siku za kawaida hakina taabu. Siku ile kilinikimbia, nikasema kidogo kidogo. "Piko ni yangu. Nyusi ni zangu. Ua ni langu. Baba hakuligusa jiwe hata kwa ukucha. Alisema ni yeye kwa kunisitiri, na mie nikamwacha, na naombeni mnisamehe, na yeye kwanza anisamehe."

Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa.

Kisha Daktari akasema yake, polepole, kila mtu akasikia. Ua liko juu ya ngozi ya jiwe tu, chini yake hakuna mkwaruzo. Farasi amezama ndani, na ndani ya mchongo jiwe limezeeka rangi ile ile ya nje. "Hilo halifanywi na fundi wa juzi," akasema. "Mchongo huu ulikuwa mkongwe kabla hajazaliwa babu wa babu wa mtu yeyote aliyekaa humu. Huyu mzee hakuleta jiwe. Aliletewa habari zake na bibi yake, na bibi yake alisema kweli."

Ami Zahran akakohoa. Nikangoja utani wake, nimeshajikaza.

Akainuka. Akamnyang'anya birika la kahawa yule aliyekuwa akimimina, akaanza kuzunguka mwenyewe.

Hapa lazima nikwambieni desturi, msije mkaona jambo dogo. Kule kahawa huanza na mgeni. Watu wa nyumbani wanangoja, na mwenye nyumba ndiye anayekunywa mwisho. Na Baba, miaka yote hiyo, kila akiingia sabla ile finjani ya kwanza ni yake. Sisi tulikuwa tukiona ni heshima! Yeye alijua ni nini, hakutwambia.

Ami Zahran akamfikia Baba, akampita. Akampa Daktari mlangoni, akanipa na mie. Akarudi ndani, akawapa wageni wa kijiji cha jirani, akawapa wazee, akawapa vijana. Wote wakanywa. Mwisho kabisa akaenda akakaa ubavuni pa Baba, akamimina finjani mbili za masalio, moja ya Baba, moja yake.

"Shika, ndugu yangu," akasema. "Sisi wa nyumbani tushangoja vya kutosha."

Baba aliipokea kwa mikono miwili. Mie sikuweza kutazama zaidi, nikageukia ukutani.

Garini tukirudi tukafika karibu na Rusayl. Baba akasema peke yake, "Ilikuwa imepoa. Makapi matupu." Akatazama nje ya dirisha. "Sijapata kunywa kahawa kama ile."

Haya, yangu mie ndiyo haya. Msidhani nimesamehewa bila ya malipo. Daktari kakataza mtu kulisugua jiwe, kasema piko iachwe iliwe na jua. Na jua la Omani, ambalo nimelilalamikia maisha yangu yote, sasa nalihimiza! Kila mgeni anayekuja kulitazama jiwe, Baba ananiita. "Njoo, mwanangu, waeleze za nyusi." Nawaeleza. Mawifi wanakaa mbele kabisa kusikiliza.

Basi nakuusieni, nyie mnaosoma. Kitu cha mzee wako kikiwa machoni pako hakionekani vizuri, usikimbilie kukipamba; pengine kasoro ni ya macho yako. Dada zangu wachoraji, pahala peupe paacheni peupe, hapatakuumeni. Na ukishafanya kosa, liseme pale pale, mbele ya wale wale, ungali umesimama. Mie nilingoja, na mzee wangu akakaa Ijumaa mbili nyumbani kwa sababu yangu. Ijumaa hizo kwa umri wake hazirudi, na hakuna wa kumlipa.